Bata na Mwana: Nafasi ya Lugha katika Kufasiri Alama za Picha

Husemwa mara nyingi kwamba picha haihitaji mkalimani. Historia ya maandishi ya Misri ya kale yaikanusha kauli hiyo.

Andiko la mwisho la picha ambalo tarehe yake yajulikana lilichongwa katika hekalu la Philae mwaka 394 B.K. Baadaye wasomaji walitoweka, picha zikabaki zikitazamwa na kila apitaye. Kitabu Hieroglyphica, kinachonasibishwa na Horapollo wa karne ya 5, chaeleza kwamba bata alichorwa kwa maana ya “mwana” kwa kuwa ndege huyo huwapenda mno makinda yake. Maana ni sahihi, sababu siyo. Katika lugha ya Wamisri, jina la bata huyo na neno la “mwana” yalikuwa na konsonanti zile zile. Picha ilisimamia sauti. Ni kama sisi tungechora paa wa mwituni tukikusudia paa la nyumba: asiyejua Kiswahili angetafuta hekima katika mbio za mnyama.

Kosa hilo lilidumu. Athanasius Kircher, katika Oedipus Aegyptiacus (1652–1654), alizifasiri picha za nguzo za Kimisri zilizoko Roma kuwa mafumbo ya falsafa na dini. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikwisha kutambua kuwa Kikopti, lugha ya ibada ya Wakristo wa Misri, chatokana na lugha ya mafirauni. Ufunguo alikuwa nao. Kule kuamini kwamba kila picha ni fumbo ndiko kulikomzuia kuutumia.

Mwaka 1822 Jean-François Champollion, aliyekijua Kikopti barabara, aliutumia. Jiwe la Rosetta, lililopatikana 1799, na hatua za Thomas Young zilikwisha kumtayarishia njia. Katika jina la Ramses aliisoma picha ya jua re, kwa kuwa ndivyo jua liitwavyo kwa Kikopti.

Jambo hili latuhusu. Mnyororo uliochongwa katika milango ya pwani yetu wengine husema ni alama ya utumwa, wengine ya ulinzi. Mabishano hayo hayatakatwa kwa kuitazama milango tu. Yatupasa kukusanya istilahi za mafundi wa nakshi, kwa lahaja zao, maadamu wangaliko wa kuulizwa. Mchongo hudumu kuliko mchongaji. Msamiati wake haudumu usipoandikwa.