Nasadiki: kutoka Nisea hadi Litumbandyosi

Jumapili, mahubiri yakiisha, Wakatoliki wa Litumbandyosi, katika Jimbo la Mbinga, husimama na kutamka Kanuni ya Imani, yaani Nasadiki. Kanuni hiyo ni tunda la ugomvi. Ario, padre wa Aleksandria nchini Misri, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, hivyo si sawa na Baba. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nisea, Uturuki ya leo, wakampinga Ario na kutunga kanuni. Ugomvi haukukoma. Maneno mengi ya kanuni kuhusu Roho Mtakatifu yanahusishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381.

Huku Ruvuma kanuni hiyo iliingia na Wabenediktini, walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, Waanglikana walitokea kisiwa cha Likoma. Wamisionari hao hawakukuta watu wasio na imani. Wangoni walimtaja Chapanga, muumba, na mahoka, yaani mizimu ya wazee. Imani hiyo haikuandikwa: mkubwa wa ukoo alimwaga pombe chini akiwataja marehemu kwa majina. Jambo geni lilikuwa kanuni isiyobadilika hata neno moja. Mtaka ubatizo alipaswa kukariri kanuni ya imani mbele ya katekista.