Ulimi na Maneno: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuhukumu Bia

Siku moja tuliwapa wanafunzi wetu wa jioni, watu wazima wenye nyumba zao, zoezi la kueleza kinywaji cha kwao kwa sentensi tano. Wengi walichagua pombe ya ndizi. Tulipokusanya madaftari, tuliona kwamba darasa zima lilitumia maneno mawili tu: tamu na kali. Lakini hapana shaka watu hao walikuwa wakipambanua vyema pombe ya jirani huyu na ya yule. Ulimi ulijua, maneno ndiyo yaliyopungua. Jambo hilo lilitukumbusha historia ya upimaji wa bia ulimwenguni, ambayo, tukiitazama sana, ni historia ya msamiati.

Hadi miaka ya 1960 na 1970, bia katika nchi nyingi za Magharibi ilikuwa ikielekea kufanana. Viwanda vikubwa vilimeza vidogo. Huko Uingereza, bia ya zamani iliyoendelea kuchachuka ndani ya pipa lake ilikuwa ikiondolewa, na mahali pake ikawekwa bia iliyochujwa, ikapashwa moto na kusukumwa kwa gesi. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliunda chama cha kuitetea bia ile ya pipa, nacho ndicho kinachojulikana kwa kifupi cha CAMRA. Huko Marekani nako, mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni za bia zilizosalia hazikufika 100.

Lakini huwezi kutetea kitu usichoweza kukieleza. Hapa ndipo alipotokea Michael Jackson (1942–2007), si yule mwimbaji, bali mwandishi wa magazeti wa Kiingereza. Katika kitabu chake *The World Guide to Beer* cha mwaka 1977, alizipanga bia za dunia kwa aina zake, akaipa kila aina jina, nchi, historia na ladha yake. Alizichukua bia za Ubelgiji, zikiwemo zile za watawa na zile zinazochachushwa kwa hamira ya hewani, akaziandika kwa heshima ambayo waandishi wengine waliiweka kwa mvinyo peke yake. Mwaka 2016 utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu.

Wanasayansi nao walishika kazi hiyo. Mwaka 1979 Morten Meilgaard na wenzake walitoa orodha ya ladha na harufu za bia, iliyochorwa kama gurudumu, yenye istilahi zaidi ya 100. Mtengenezaji aliyekuwa akisema tu kwamba bia imeharibika, sasa aliweza kusema kwamba inanuka siagi au ina ladha ya karatasi. Na mwenye kulitaja kosa amekwisha karibia kulirekebisha.

Mwaka 1978 sheria ya Marekani iliruhusu watu kutengeneza bia nyumbani, na mwaka 1982 tamasha kubwa la bia likaanza katika mji wa Boulder. Mwaka 1985 ulianzishwa mpango wa kuwatahini waamuzi wa bia. Karatasi yao ya alama itatupendeza sisi walimu, kwa maana jumla yake ni 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, jinsi kinywaji kinavyohisika kinywani 5, na maoni ya jumla 10. Mwamuzi haambiwi jina la mtengenezaji, wala hatoshi kwa kuandika namba tu. Sharti aeleze sababu. Tena hunywa funda chache, kwani mlevi hawezi kuhukumu.

Yafaa sasa tutoe mfano mmoja unaotugusa. Katika bia ya ngano ya Bavaria, waamuzi hutafuta na kusifu harufu mbili: ndizi na karafuu. Wala hamna ndizi wala karafuu ndani yake. Harufu hizo hutokana na hamira. Mtu akiisoma sifa hiyo huku kwetu, katika nchi za Maziwa Makuu, hana budi kutabasamu. Sisi tuna pombe iliyotengenezwa kwa ndizi zenyewe: urwagwa wa Rwanda, urwarwa wa Burundi, kasiksi ya Kongo mashariki, tonto ya Uganda. Ndizi huvumbikwa hadi ziive, hukamuliwa pamoja na majani, kisha maji yake huchachushwa kwa unga wa mtama uliokaangwa. Hata hivyo vyote hivyo, katika maandishi mengi, vimefungwa katika mfuko mmoja wa jina: pombe ya kienyeji.

Je, Kiswahili ni maskini? La hasha. Tunalo neno ukakasi, la ule mkazo ambao ndizi mbichi huuacha ulimini. Tunao uchungu, uchachu na ugwadu. Tuna povu, machicha na kimea. Tuna kuumuka, kuchacha na kuvunda. Na lugha za nyumbani zinayo mengine mengi, ambayo hayajaandikwa na mtu.

Maneno hayo yamo vinywani mwa wazee wanaotengeneza pombe, na kila mmoja wao anapofariki huenda nayo. Tulipowarudishia wanafunzi madaftari yao, tuliwaagiza waende kwa wazee hao na kuuliza swali moja: pombe ikiharibika, mwasemaje? Juma lililofuata walirudi na maneno 23. Tungependa walimu wenzetu wajaribu zoezi hilo, nao watuletee ya kwao.