Upelelezi na Raia wa Arua

Wataalamu wa usalama hufundisha kwamba upelelezi ni kazi ya kumtenga adui na raia. Idara ya Idi Amin pale Nakasero iliwawinda wananchi wake; lakini ndege za Israeli zilitua Entebbe, tarehe 4 Julai, 1976, bila kutarajiwa.

Amin aling'olewa mwaka 1979. Kosa hilo halikung'oka naye. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali likamhesabu kila mwenyeji kuwa mfuasi wa Amin. Tarehe 24 Juni, 1981, raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, walimiminiwa risasi. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, wakiwamo wale ambao wangeweza kulieleza jeshi adui yuko wapi.