Meru na Embu: Mipaka iliyochorwa upya mara kwa mara

MSAFIRI anayeshika barabara kuu kutoka Embu kuelekea Meru hupitia Runyenjes, huvuka Mto Thuci, kisha hupita Chuka na Nkubu kabla ya kufika mjini Meru. Leo safari hiyo hupitia kaunti tatu: Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Kabla ya mwaka 1992 zilikuwa wilaya mbili tu, na Mto Thuci ndio uliozitenganisha.

Eneo lote hili liko kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Karibu na msitu kuna baridi na mvua ya kutosha, na huko hustawi majani chai. Chini yake kidogo hupandwa kahawa. Kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Mto Tana, ardhi huwa kavu, na wakazi wa Tharaka na Mbeere hutegemea mtama, mawele, pojo, mbuzi na nyuki. Upande wa kaskazini, Milima ya Nyambene ni maarufu kwa miraa, hasa katika eneo la Igembe, ambako mji mkubwa ni Maua.

Masimulizi ya Wameru yanasema asili yao ni Mbwa, mahali panapodhaniwa kuwa pwani, ambako walitoroka utumwa wa watu waliovaa nguo nyekundu. Miongoni mwa makundi yao ni Waimenti, Watigania, Waigembe, Wamwimbi, Wachuka na Watharaka. Baraza lao la wazee, Njuri Ncheke, lina makao yake Nchiru, Tigania. Nao Waembu humtaja Mwenendega kuwa babu yao, na kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes.

Waingereza waliiteka Embu mwaka 1906. Miaka miwili baadaye, E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, alianzisha kituo cha serikali mjini Meru. Tangu hapo mipaka ilianza kuchorwa na kufutwa. Wilaya ya Embu ilijumuisha Ndia na Gichugu hadi mwaka 1963, maeneo hayo yalipotengwa kuwa Wilaya ya Kirinyaga katika Mkoa wa Kati. Wakati huohuo Embu na Meru ziliondolewa Mkoa wa Kati na kuwekwa Mkoa wa Mashariki. Mji wa Embu ukawa makao makuu ya mkoa huo mkubwa uliotoka Moyale, mpakani mwa Ethiopia, hadi Machakos na Kitui.

Mwaka 1992, Tharaka-Nithi na Nyambene zilimegwa kutoka Meru. Mwaka 1996, Mbeere ikatengwa na Embu. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47 kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992. Kwa hivyo Tharaka-Nithi ilibaki peke yake, makao yake makuu yakiwa Kathwana, ilhali Nyambene ilirudi Meru na Mbeere ikarudi Embu. Kaunti hizo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013.

Katika sensa ya mwaka 2019, Meru ilikuwa na watu 1,545,714, Embu 608,599 na Tharaka-Nithi 393,177. Takwimu hizi si za kuhifadhiwa vitabuni tu. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawia kaunti fedha za serikali kuu. Kwa hivyo mpaka ukisogezwa, shule, barabara na zahanati huguswa. Hii ni sababu mojawapo inayofanya mzozo wa mpaka kati ya Meru na Isiolo kuwa mgumu kutatuliwa.

Aidha, mito haitambui mipaka. Kathita, Mutonga na Thuci huanzia mlimani na kumwaga maji yake katika Mto Tana. Mabwawa matano ya umeme, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyoanza kazi kati ya mwaka 1968 na 1988, yamepakana na Mbeere. Hata hivyo, mashamba mengi ya huko bado hungojea mvua. Vyovyote mipaka itakavyochorwa, mkulima wa juu na mfugaji wa chini wataendelea kugawana maji ya mlima mmoja.