Ameacha Kazi Iringa, Mkataba wa Mbeya Ukaja na Masharti Mengine: Ipi Hukumu Yake?

Bismillahir Rahmanir Rahim

SWALI: Nilikuwa mhasibu katika kampuni ya mbao Mafinga, mkoa wa Iringa. Kampuni moja ya mpunga ya Mbeya ikanipa barua ya ofa: mshahara sh. 900,000 kwa mwezi, nyumba, na kituo Mbeya mjini. Nikajibu kwa maandishi kuwa nimekubali, nikatoa notisi, nikaacha kazi. Nimefika Mbeya na mke na watoto, nimepewa mkataba wa kusaini: sh. 650,000, nyumba hakuna, kituo ni Chimala. Meneja anasema nisaini kwanza, mengine yatarekebishwa mbele ya safari. Je, nisaini? Na nikisaini, yafaa kujilipa tofauti hiyo kutoka kwenye fedha ninazozishika?

JIBU: Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Maswali ya namna hii yamekuwa mengi, na wengi huyaleta wakiwa wameshasaini. Ndugu yetu, wewe umeuliza mapema, alhamdulillah.

Kwanza tutazame ile barua ni kitu gani. Ajira katika fiqhi ni ijara, na ijara husimama kwa ijabu na kabuli, yaani upande mmoja kutoa tamko na wa pili kulikubali, huku kazi na ujira vikiwa vinajulikana. Mfano wake tunao katika Suratul Qasas, aya ya 27 na 28: yule mzee wa Madyana alimtajia Nabii Musa (a.s.) kazi na muda wake, miaka minane, na akasema kuwa kumi ni hiari yake Musa. Musa akakubali kwa kueleza wazi kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili asidaiwe zaidi, na wakamfanya Allah shahidi. Tazameni namna lile la lazima lilivyotengwa na la hiari tangu mwanzo.

Basi ikiwa barua yako ilitaja kazi, mshahara na tarehe ya kuanza, nawe ukaikubali kama ilivyo, hiyo ni akdi iliyokamilika. Karatasi uliyopewa Mbeya ni pendekezo jipya, na hulazimiki kulikubali. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza akdi, na mwajiri ameingia ndani ya amri hiyo sawa na mwajiriwa.

Na kama barua ilisema tu kwamba "tunakusudia kukuajiri, masharti yatafuata"? Hapo ni ahadi, na wanazuoni wamekhitalifiana. Sisi Mashafii tulio wengi pwani hii tumesoma kwamba kutimiza ahadi ni jambo lililosisitizwa, lakini kadhi hamlazimishi mtu. Wamaliki, katika kauli yao mashuhuri, wanasema ahadi iliyofungwa na sababu, na aliyeahidiwa akaingia gharama kwa ajili yake, humlazimu mwenye kuahidi. Mfano wao ni mtu anayemwambia mwenzake abomoe nyumba yake, kisha yeye atamkopesha za kujengea. Akishabomoa, huwezi kumgeuka. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait mwaka 1988 iliichukua rai inayofanana na hiyo: ahadi itekelezwe, au hasara halisi iliyotokana na kuivunja bila udhuru ifidiwe. Nasi tunaona mtu aliyeacha kazi Mafinga na kupakia vyombo vyake kwenye fuso ndiye huyo aliyebomoa nyumba.

Lakini uhakikishe kwanza kwamba tofauti ni ya kweli. Mara nyingi barua hutaja mshahara ghafi na meneja akataja kinachofika mkononi. Katika 900,000, mchango wa NSSF wa asilimia 10 peke yake ni 90,000, na kodi ya mapato bado. Hata hivyo, makato hayaondoi nyumba wala hayahamishi kituo.

Kwa upande wa sheria ya nchi, Mbeya na Iringa zinafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. (Ndugu zetu wa Zanzibar wazingatie kuwa huko kuna sheria nyingine, Na. 11 ya 2005.) Sheria ya Bara inamhesabu kuwa mwajiriwa mtu aliyeingia mkataba wa ajira. Inamtaka mwajiri atoe kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa na ujira, na akitaka kuyabadili ashauriane na mwajiriwa. Kwa hiyo usisaini leo. Mwandikie kwa adabu maneno mafupi tu: mkataba niliopewa haulingani na barua yenu niliyoikubali katika mshahara, nyumba na kituo, naomba urekebishwe kabla sijasaini. Taja tarehe zote mbili, baki na nakala, na ujumbe wa simu usiufute. Hili la kuandika Waislamu wengi huliona ni kutoaminiana, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, imekuja kuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi.

Wakikataa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ina ofisi Mbeya. Unajaza fomu namba 1, na kazi ya mwanzo ya Tume ni kuwapatanisha. Muda wa kupeleka mgogoro usiohusu kuachishwa kazi ni siku 60 tangu ulipozuka. Wa kuachishwa kazi ni siku 30. Usikae ukisubiri huo "mbele ya safari". Mahakama ya Kadhi si mahali pa shauri hili.

Ukiona dhiki imekubana ukasaini zile 650,000, kusaini si dhambi, ila umeridhia akdi mpya, na kudai zile za mwanzo kutakuwa kugumu. Angalau ahadi ya marekebisho iandikwe mkatabani pamoja na tarehe yake.

Ama kujilipa mwenyewe, hapana. Tunajua kuwa wapo watakaokutajia mas'ala ya dhafar, ambapo Mashafii wamemruhusu mwenye haki kuichukua anapokanushwa na hana njia ya kuipata. Haki yako bado inabishaniwa, njia ya Tume iko wazi, na fedha hizo umepewa kwa amana. Mhasibu anayejikatia kwa siri ataitwa mwizi, na kesi itamgeukia yeye.

Imebaki Mafinga. Mpigie bosi wako wa zamani kabla hajaajiri mwingine, umuombe akurejeshe. Si lazima kwake, kwani notisi yako ya siku 28 imeshapita. Lakini Mtume (s.a.w.) amemsifu anayemkubalia mwenzake kuvunja mapatano aliyoyajutia, kama ilivyo katika Sunan Abi Dawud, na wenye hisani wapo. Nauli ya kutoka Mbeya kurudi Mafinga ni ndogo kuliko pango la miezi sita.

Wallahu a'lam.