Kutoka Kipande cha Mkonge hadi Faili la Bachi

Kompyuta ilikuwa bado kujulikana nchini pale mashamba ya mkonge ya Korogwe na Handeni yalipokuwa yakiwalipa watu kwa kadi. Manamba, yaani kibarua wa mkonge, alishika kipande chenye nafasi za siku 30. Kazi ya siku ikikamilika, nafasi moja ilitiwa alama. Zote zikijaa, ndipo alipopokea ujira wake. Hesabu ilisubiri, ikarundikana, kisha ikafanywa kwa mkupuo.

Mashine za hesabu nazo zilianza hivyohivyo. Sensa ya Marekani ya 1890 ilihesabiwa kwa kadi zilizotobolewa, kwa mashine za Herman Hollerith. Kompyuta za miaka ya 1950 zilikuwa ghali mno kukaa bure zikimngoja mtu afikiri, basi kazi zilipangwa kwa mafungu: mishahara, kisha ankara, kisha takwimu, na amri za kila kazi zikiwa zimeandikwa mapema. Hilo ndilo chimbuko la bachi (batch), yaani fungu la kazi.

Tanzania iliingia mapema. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza ya serikali, aina ya ICT 1500. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Tahadhari ile ilikuwa na sababu zake, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba na wataalamu wa kuhesabika, lakini gharama yake ilikuwa kubwa: ofisi nyingi zilikuja kuigusa kompyuta kwa mara ya kwanza ikiwa tayari ya mezani, yenye kioo cheusi na herufi zinazomsubiri mtu aandike amri.

Kioo kile kilikuwa cha mfumo endeshi wa DOS, uliotoka Agosti 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya IBM. Ndani yake ulikuwamo uwezo ambao wengi hawakuujali: andika amri zako mstari kwa mstari katika faili la maandishi, lipe jina linaloishia na .bat, nalo, likiwa sasa faili la bachi, litazitekeleza kwa mfuatano. Toleo la pili, 1983, liliongeza masharti na kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine: kama jambo fulani lipo, fanya hivi, kama halipo, nenda kule. Faili moja, AUTOEXEC.BAT, lilijiendesha lenyewe kila mashine ilipowashwa.

Ubora wa jambo hilo ulionekana Afrika Mashariki kabla ya intaneti kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vituo vya barua pepe vya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam vilitumia FidoNet, mfumo alioubuni Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984. Kompyuta ya kawaida na modemu vilitosha. Barua zilifungashwa pamoja, simu ikaunganishwa na London, mzigo ukabadilishwa, simu ikakatwa upesi maana kila dakika ilikuwa pesa. Msimamizi wa shughuli katika vituo vya aina hiyo, kwa kawaida, alikuwa faili la bachi. Programu ya barua ilipomaliza iliacha namba. Faili likaisoma, likajua kama kuna barua za kufungua au la, kisha likarudi mwanzo kusubiri simu nyingine. Umeme ukikatika na kurudi usiku, AUTOEXEC.BAT iliamsha kituo bila mtu kutoka kitandani. Kwangu mimi hii ndiyo kazi tukufu kuliko zote zilizowahi kufanywa na mistari michache ya DOS katika ukanda wetu.

Windows ikaja na picha zake, na amri zikasahaulika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, hatua nzuri, ila dirisha la amri likabaki na Kiingereza chake. Hata hivyo halikufa. Limo hadi leo katika kila kompyuta ya Windows.

Kwa mfano, twende Mpale, Korogwe, kijiji ambacho kilipata mtandao mdogo wa umeme wa jua uliojengwa na kampuni ya Ensol. Umeme ukiwapo, kompyuta ya ofisi inawezekana; fundi wa kuishi nayo ni habari nyingine. Tuseme karani anataka nakala ya kumbukumbu zake kwenye flashi kila jioni. Afungue Notepad, aandike:

@echo off
if not exist E:\ goto hakuna
xcopy D:\Kumbukumbu E:\Nakala /D /E /I /Y
pause
exit
:hakuna
echo Chomeka flashi kwanza.
pause

Alihifadhi kwa jina nakala.bat, akichagua “All Files” ili lisije likawa nakala.bat.txt. Kila jioni atalibofya mara mbili, basi. Alama ya /D huchukua faili mpya tu na zile zilizobadilishwa. /E huingia hadi folda za ndani, hata zilizo tupu. /Y huandika juu ya nakala ya zamani bila kuuliza. Na tazama: amri ni za Kiingereza, ila ujumbe na jina la mahali pa kurukia ni Kiswahili, na mashine haina ubishi.

Ahakikishe kwanza kwamba flashi yake inasomeka kama E, kwa sababu herufi hiyo hutofautiana kati ya kompyuta na kompyuta. Na faili la .bat lililotoka kwa mtu asiyemjua asilibofye kabla ya kulifungua kwa Notepad na kulisoma, kwa kuwa amri ya kufuta nayo ni mstari mmoja tu.