Kibarua: Neno Dogo, Historia Nzito



Ndugu msomaji, neno "kibarua" unalitamka kila siku. Umewahi kujiuliza barua iliingiaje kwenye kazi ya kubeba magunia?

Turudi Unguja na Mombasa, karne ya 19. Mwenye watumwa mjini hakuwa na kazi ya kuwatosha wote, basi asubuhi aliwatoa wakafanye kazi ya kutwa kwa wafanyabiashara. Mtumwa alipewa kikaratasi, barua ndogo, cha kuonyesha kuwa siku yake ameifanya. Ujira akagawana na bwana wake, mara nyingi nusu kwa nusu. Kikaratasi kikawa jina la mtu. Na tusione haya kusema kweli: wengi wa mabwana hao walikuwa Waislamu, wakisimama safu moja na watu ambao jasho lao wanalila.

Utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Kibarua akabaki, ila sasa ujira wote ni wake.

Hapa nakuomba utulie kidogo, maana wengi hudhani kibarua siku zote alikuwa mnyonge kuliko wote. Sivyo. Bandarini Mombasa meli zilikuja kwa misimu, leo nyingi, kesho hakuna, na kampuni zikataka makuli wa kutwa. Kuli naye alichagua siku zake. Akichoka, yuko shambani kwake au anavua. Wakati huo sheria ya mkoloni ya mabwana na watumishi ilimfanya mwenye mkataba anayeacha kazi kuwa mhalifu. Wa kutwa asipotokea kesho, amevunja mkataba gani? Asiye na mkataba ndiye aliyekuwa na nafasi ya kupumua!

Serikali iliona hatari yake mwaka 1939 makuli walipogoma, na zaidi tarehe 13 Januari 1947. Siku hiyo Mombasa ilisimama. Bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Zaidi ya watu 15,000, kwa siku kama 12. Walikusanyika kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Eliud Mathu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akaja kuwasihi warudi kazini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni.

Mishahara iliongezwa, lakini wakubwa walikuwa wameshajifunza jambo: mtu asiye na ajira ya kudumu hana cha kuogopa kupoteza. Kuanzia mwaka 1954 makuli wa Mombasa wakaandikishwa, wakatakiwa kutimiza idadi ya siku kila mwezi, asiyetimiza afutwe. Polepole kazi ya kutwa bandarini ikawa ya kudumu.

Ndipo mambo yakapinduka. Likizo, notisi na malipo ya uzeeni vilikwenda kwa walioajiriwa, na aliyebaki wa kutwa akabaki nje ya mlango. Siku hizi si kibarua anayechagua siku zake. Mwajiri ndiye anayemchagua, anamlipa jioni, anamwita tena asubuhi, miaka minne, na bado anasema "huyu ni wa kutwa tu".

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ililenga hasa ujanja huo. Wa kutwa ni yule anayelipwa kila mwisho wa siku na hachukuliwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya siku mfululizo zinazofika mwezi, au kazi ambayo kwa jumla haiwezi kuisha chini ya miezi 3, kifungu cha 37 kinamhesabu kama wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Kuandika mkataba ni juu ya mwajiri, na kesi ikifika mahakamani asiuonyeshe, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake.

Basi wewe uliye mjengoni au ghalani, nunua daftari la shule. Andika tarehe, kazi na ulicholipwa, kila jioni. Nawe unayemwita kijana yuleyule kila asubuhi, hesabu siku zake usiku wa leo.